Kijiji Ambacho Faila Alikifikia

Mapendo mwanangu,

Baba yako ameniomba nikuandikie barua ya kukutuliza moyo. Nimemwambia aandike yake. Hii yangu naiandika nikiwa na hasira, na naomba usiisome ukidhani hasira hiyo ni juu yako. Wewe sasa uko kwa shangazi yako unaaga, na mimi nimekaa nyuma ya nyumba, mihogo imeanikwa mbele yangu, na mbuzi wa jirani nimemfukuza hadi amechoka kunijaribu.

Habari za kitenge, sabuni, na mtu atakayekupokea Bukavu umezisikia za kutosha. Sitazirudia. Nataka kukueleza jinsi Faila, huyu tunayekaa naye, alivyopotea, na jinsi alivyorudi, na kwa nini kila ulipotaja statistique, hayo masomo ya takwimu, mimi niliondoka mezani. Ulimwambia shangazi yako kwamba mama yako ana wivu na kisomo chako. Nilisikia. Nilikasirika, nikanyamaza, na leo nakujibu.

Hesabu nilizipenda kabla hujazaliwa. Nchi ilipokuwa bado inaitwa Zaïre nilisoma statistique palepale Bukavu unakokwenda, wasichana tukihesabika kwa vidole. Benchi moja na mimi alikaa kijana aitwaye Léonard. Alikuwa mtu mzuri, na nataka ulijue hilo mapema, kwa sababu watu wabaya utawatambua haraka. Wazuri ndio watakaokuchanganya. Siku moja mashine yangu ya hesabu ilikufa katikati ya mtihani, akanisukumia yake chini ya meza, akaendelea kwa kalamu na kichwa. Tulimaliza pamoja.

Nilipata kazi Uvira, katika bureau, yaani ofisi, ya kilimo. Kila msimu tulichagua mashamba machache kwa kura, tukayapima, tukavuna kipande, tukapiga hesabu ya bonde zima. Kwamba mashamba machache, yakichaguliwa bila upendeleo, yanaweza kusema kweli juu ya mashamba ambayo sijawahi kuyaona, jambo hilo lilinifurahisha kuliko sikukuu. Nilikuwa narudi nyumbani na udongo kwenye viatu, nikiimba.

Kisha mishahara ikakauka. Bureau ikabaki na meza, halafu hata meza ikabebwa. Niliolewa na baba yako, nikaja huku mjini Baraka, nikafundisha hesabu katika sekondari. Léonard aliajiriwa na shirika moja la wageni, akapanda, akaenda mikutano, akajifunza Kiingereza. Simlaumu kwa hilo. Kosa la ujana wangu lilikuwa kuamini kwamba kazi nzuri itajisemea yenyewe. Ripoti zangu nilizifanya vizuri, nikawaachia wengine wazipeleke kwa wakubwa, maana niliona kujitaja ni aibu. Kwa hiyo walijulikana waliozipeleka. Wewe ukifanya kazi, ipeleke mwenyewe, ukae palepale inaposomwa.

Vita vya kwanza vilipita, vya pili vikaja, tukavuka ziwa, tukarudi, hayo uliyaona. Katika kipindi kile watu walipoanza tena kulima karibu na barabara, shirika la Léonard lilikuja kufanya enquête: kupita nyumba kwa nyumba na kuuliza nani anaishi hapa, nani alikuwa anaishi hapa, nani amekufa tangu vita vianze. Yeye alikuwa chef, mkuu wao, Bukavu. Alinikumbuka, akaniita niwe msimamizi wa kikundi cha eneo la Nundu. Nilifurahi kama mtoto. Nilijiona narudi nyumbani.

Watu wa kupita nyumba kwa nyumba niliwachagua mwenyewe, na wa kwanza alikuwa Faila. Nilikuwa nimemfundisha shuleni. Baba yake alikuwa mvuvi wa Mboko, na Kibembe cha milimani alikisema kama mtu aliyezaliwa huko. Uhodari wake haukuwa katika hesabu, katika hesabu alikuwa wa katikati tu. Uhodari wake ulikuwa kungoja. Swali la kumuuliza mama mtu juu ya watoto wake waliokufa ni swali baya, Mapendo. Wengine waliliuliza wakitazama karatasi. Faila aliuliza, akaweka kalamu chini, akangoja, hata kama jua lilikuwa linazama.

Vijiji vilichaguliwa kwa kura kule Bukavu, kama inavyotakiwa. Kimoja kilikuwa Namilonge, juu kabisa ya Mboko. Siku zile watu waliokuwa wakishuka kutoka huko walisema wanaume wenye silaha wamekaa kwenye njia. Nikaenda kwenye phonie, ile redio ya kuongea na Bukavu, nikamwambia Léonard kwamba Namilonge haiendeki.

Akanijibu, "Esther, tukiondoa vijiji vyenye hatari, tutahesabu amani tu. Vifo viko kule."

Ubaya wake ni kwamba alisema kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefundisha hivyo darasani. Ukiacha mahali pagumu, hesabu yako inadanganya, tena inadanganya kwa faida ya wale wanaoua. Nikamwambia sawa, hatukiondoi, tungoje siku chache njia itulie. Akasema waliotoa pesa wanangoja rapport, ripoti ya kazi. Nikamwambia basi aje yeye, apande yeye. Akaniambia kwa Kifaransa kizuri sana kwamba msimamizi asiyeweza kutekeleza programu atapumzishwa. Nilifukuzwa kazi kwa redio, watu watatu wanaongoja zamu yao wakisikiliza.

Asubuhi yake gari ilikuja na ujumbe kwamba Faila ndiye atakayeongoza. Nilimfuata nje, nikamshika mkoba, nikamwambia asiende. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, unajua anavyosikiliza.

"Mwalimu," akasema, "kule kuko bamama benye hakuna muntu alishabauliza hata kitu."

Akapanda gari.

Gari ilimwacha Mboko kwa sababu barabara ya juu haipo. Alipanda mlima pamoja na wanawake waliokuwa wakirudi na chumvi na ndagala zao, dagaa wa ziwa. Hao ndio walioleta habari baadaye: kwamba alifika, alifanya kazi yake, alilala kwa mama mmoja, na siku ya kushuka alichukuliwa njiani.

Nilimtafuta. Usiniulize ni kundi gani lililomchukua. Kila mkubwa niliyemwendea, mwenye kofia na asiye na kofia, alitaka kwanza kujua ni kundi gani, na nilipomtajia aliangalia kama jibu linamfaa au halimfai. Hakuna aliyeniuliza Faila ana umri gani. Hakuna aliyeuliza alikuwa amevaa nini. Baba yake alikuja kukaa kwenye baraza letu, hasemi, hali, anatazama barabara. Nilikuwa namwogopa mzee yule kuliko askari.

Nilirudi kwenye phonie. Nilifikiri Léonard atakuwa amelala macho wazi kama mimi. Aliniambia anasikitika sana, na nadhani alisikitika. Akasema watu wa usalama wameamuru kikundi chote kirudi Bukavu. Nikamuuliza wamemwandikia nani, wamemtuma nani, watakwenda kuongea na nani. Akasema shida ni kwamba Faila alikuwa journalière, kibarua wa siku, hana mkataba, kwa hiyo kesi yake haiingii kwenye utaratibu wa wafanyakazi.

Siku ile nilitaka kuivunja ile redio, na mwenye kuitumikia ndiye aliyenishika mkono.

Halafu rapport ikatoka. Nilipata nakala yake kwa dereva mmoja. Unajua walifanya nini na Namilonge? Waliweka kijiji kingine mahali pake, cha kando ya barabara, karibu na kambi ya askari, ambako watu walikuwa wanakula na kulala bila shida. Kanuni ile ambayo Léonard hakuweza kuilegeza kwa siku chache ili Faila abaki salama, aliitupa kwa mchana mmoja ili rapport iishe. Soma sentensi hiyo tena, mwanangu. Ndiyo hasira yangu yote. Angekuwa mjinga ningemsamehe. Angekuwa na imani ya kweli katika kanuni yake, pengine ningemsamehe pia. Kanuni ilikuwa ngumu kwa Faila, ikawa laini kwake.

Faila alirudi mvua zilipokwisha. Alikuja kwa miguu, amekonda, kitenge si chake. Yaliyompata huko sitayaandika. Ni yake, akitaka atakuambia, asipotaka usimuulize. Sisi tulikuambia kwamba amekuja kukaa kwetu kwa sababu nyumba ya baba yake imechomwa na mzee amevukia Kigoma. Hiyo ilikuwa kweli, nusu ya kweli.

Hapo nilifanya kosa lingine, na hili bado linaniuma. Niliamua kwa niaba yake kwamba katika nyumba hii hakuna mtu atakayesema habari za enquête, wala hesabu, wala Bukavu. Nilificha hata vitabu vyangu vya zamani. Nilijiambia kwamba namlinda. Yeye hakuwa ameomba kulindwa namna hiyo. Alikuwa anakaa jikoni anasikia jinsi sisi wote tunavyonyamaza akiingia, na kunyamaza kwetu kulimfanya awe kama mtu aliyefanya jambo la aibu.

Kisha Léonard akaja. Huenda unakumbuka gari nyeupe mbele ya nyumba. Wewe na wenzako mlizunguka mkiandika kwa vidole kwenye vumbi lake. Alikuwa ameongezwa cheo, anajiandaa kuhamia Nairobi, na kabla ya kuondoka alitaka kuanzisha enquête nyingine huku kwetu. Baba yako alimpa kiti kizuri. Mimi nilibaki nimesimama. Aliniomba nirudi niwe chef wa kikundi chote cha Fizi, na alisema hayo akitazama mikono yake.

Faila aliingia na birika ya chai. Nilidhani ataiweka na kutoka. Aliiweka, akakaa kwenye mkeka mbele yake.

"Namilonge muliandika namna gani?" akauliza.

Léonard alimtambua hapo. Nilimwona anamtambua. Alijibu polepole, "Tuliandika kwamba kijiji hakikufikiwa."

"Mi nilifika," Faila akasema.

Akaanza kueleza. Hakulia. Alisema nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mwenye jicho moja, aliyezika mume na mtoto wa mgongoni katika msimu mmoja. Nyumba ya pili haikuwa na mtu mzima, watoto tu, na aliyejibu ni msichana wa kimo chako cha siku zile. Alipita nyumba baada ya nyumba, kwa sauti ya kazi, kama anayesoma, na hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Karatasi zake wale wanaume waliomchukua walikuwa wamezichoma moto. Baba yako alitoka nje. Mimi sikuweza kutoka wala kukaa.

Alipomaliza, Léonard alikuwa na machozi. Akasema, "Nakuamini, Faila. Lakini bila zile fiche, zile karatasi za majibu, siwezi kuyaingiza."

Mara nyingine tena alikuwa sahihi. Mtu hawezi kuingiza kwenye rapport maneno yaliyokaa kichwani mwa mtu mmoja kwa muda wote huo, hata mimi ningekataa kwa mwanafunzi. Ndipo nikapandwa na hasira. Nilimwambia mambo ambayo baba yako bado ananilaumu. Nilimwambia machozi yake ayapeleke Nairobi, yatampandisha cheo. Nilimwambia kwamba mimi nilimzidi darasani na ningemzidi mlimani, na kwamba yeye hajawahi kuhesabu kitu chochote ambacho kinaweza kumrudia usiku. Nilimwonyesha mlango.

Faila alinigusa mguu. "Acha, Mwalimu. Mi njo nitasema."

Akamwambia Léonard kwamba anataka kazi. Sikuamini masikio yangu. Alitaka kazi ya kuingiza majibu kwenye ordinateur, yaani kompyuta, katika bureau watakayofungua hapa Baraka. Alitaka kila mtu atakayetumwa vijijini awe na mkataba wenye jina lake, hata kama ni wa wiki moja. Na alitaka rapport mpya iwe na ukurasa unaotaja majina ya waliotembea. Léonard alikubali mawili ya kwanza palepale. La tatu alisema atajaribu. Pengine alijaribu. Ukurasa huo haupo.

Alipokwisha kuondoka nilimgeukia Faila. Nilimwambia amejiuza. Ndilo neno nililotumia, kwa mtu yule, baada ya yote yale. Alikusanya vikombe kwanza.

"Kasirani yako iko kubwa, na iko ya haki," akaniambia. "Lakini iko yako. Mi niko na maisha ya kuishi."

Sikusema naye kwa muda mrefu. Tulipishana jikoni kama wapangaji. Yeye alikwenda kazini kila asubuhi, jenereta ikiwaka unaisikia hadi sokoni, na wewe ukaanza kupitia huko ukitoka shule. Alikuweka kando yake, akakufundisha kutafuta makosa ya waandikaji. Siku moja ulirudi unacheka, ukasema leo tumempata mama mwenye miaka mitatu. Baba yako alicheka. Mimi niliondoka mezani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na ulidhani ni wivu.

Haukuwa wivu. Nilikuwa naona wapi inaanzia njia ya kina Léonard. Inaanza na kufurahia kosa dogo kwenye karatasi, na hakuna ubaya wowote hapo, mimi pia nilianza hivyo. Halafu unakuwa hodari, wanakuhamisha mbali kidogo na barabara, halafu mbali zaidi. Nimeitazama kazi hii tangu ujana. Yuko anayetembea, yuko anayeingiza, yuko anayekaa kutafsiri takwimu, na yuko anayesimama katika hoteli mbele ya watu na kuonyesha michoro ya rangi. Kila ngazi inakuwa safi kuliko ile ya chini yake. Anayesimama hotelini anaweza kusema "Fizi" siku nzima bila kuona sura ya mtu hata mmoja, na watu watampigia makofi.

Sikuambii ukatae kupanda. Panda. Mimi nilikataa, nilikaa na hasira yangu mikono safi, na hakuna mtu hata mmoja aliyesaidika kwa hilo. Faila, ambaye alikuwa na sababu zaidi yangu, aliingia ndani, na leo kila kijana anayetumwa kuuliza maswali kutoka bureau ile ana karatasi inayosema ni mfanyakazi wa nani. Wiki iliyopita mmoja alianguka na pikipiki akavunjika mguu, wakamlipia hospitali. Watu waliona ni jambo la kawaida. Niliposikia nilikwenda jikoni, nikamwambia Faila kwamba neno lile nililomwambia lilikuwa baya na la uongo. Alisema anajua. Aliendelea kuchambua mchele, nami nikakaa nikachambua naye.

Huko Bukavu watakufundisha kwamba mtu wa takwimu hana hasira. Waache waseme. Utakutana na Léonard wako, tena atakuwa mwema, atakupa mashine yake ya hesabu. Usimchukie bure. Ila siku atakapokuwa sahihi, mwulize ni miguu ya nani itakayokwenda kuthibitisha usahihi wake. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayekaa kwenye redio, na sauti ya mwanamke kutoka chini inakuambia njia haipitiki, nataka ukumbuke kwamba sauti hiyo ilikuwa ya mama yako.

Bado nimekasirika, na haitaisha kwa barua. Nimekasirika kwamba nchi inakuchukua ukiwa mwembamba hivi na kwamba barabara utakayopita kesho nilikuwa naipita nikiimba. Lakini sikukatazi. Nenda ukasome kile nilichokipenda.

Neno la mwisho. Leo asubuhi Faila ameniambia kwamba atapanda gari pamoja nawe hadi Uvira. Nilimwambia si lazima, dereva tunamjua. Tangu aliporudi hajapita njia ya Mboko. Akiwa na shughuli Uvira hungoja boti, hata kama ni ya kungoja siku nyingi. Alisema amekwisha kuongea na dereva, na ameomba akae upande wa milima.

Mkifika Mboko usimsemeshe. Akikuonyesha njia ya kupanda Namilonge, tazama anakoonyesha. Na akitaka gari isimame, mwambie dereva asimame. Dereva akisema amechelewa, kasirika. Nimekuruhusu.

Mama yako,
Esther